Ukili wa Waterloo

Askari wangu 120 wa miguu, Waingereza wa vita vya Waterloo vya mwaka 1815, walikaa kabatini mwaka mzima wakiwa plastiki ya kijivu tu. Kila mmoja ana kimo cha milimita 28 hivi, mfupi kuliko kidole gumba. Nilikuwa nimempaka rangi mmoja wao kwa jioni nne: mboni za macho, vifungo, hata mshono wa mkoba. Alipendeza kweli. Nikawahesabu waliobaki, nikafunga kabati.

Bibi yangu alikuwa akisuka mikeka. Sikumwona hata siku moja akimaliza pembe ya mkeka ndipo aanze nyingine. Alisuka ukili kwanza, pima baada ya pima, akauviringa, na mkeka wenyewe haukuonekana mpaka siku ya kushona. Jeshi la kuchezea vita mezani nalo hupakwa hivyo: koti jekundu kwa wote 120, kisha suruali ya kijivu kwa wote, kisha mikoba. Siku nyingi zinapita huna askari hata mmoja aliyekamilika, na kuzivumilia siku hizo ndiko kugumu. Lakini ukifika askari wa thelathini, mkono umeshajua wenyewe mkunjo wa koti ulipo.

Nawagandisha watano watano kwenye kijiti, nawapulizia andakoti nyeusi. Halafu inakuja hatua niipendayo kuliko zote. Brashi inachovywa katika rangi nyeupe, inafutwa kwenye tambara mpaka udhani haina kitu, kisha inapitishwa juu yao harakaharaka. Weupe unashika palipoinuka tu: pua, vidole, ukingo wa kofia. Mashimo yanabaki na giza lake. Juu ya hapo napaka rangi nyepesi inayopenyeza mwanga na kivuli kilicho chini yake. Mwaka 2019 Citadel, chapa ya Nottingham, ilitoa rangi zake za Contrast, zinazofaa kazi hiyo: zinatuama kwenye mikunjo na kuwa nyembamba mgongoni mwake, hivyo mpako mmoja unafanya kazi ya mitatu.

Wako wanaoiita njia hii uzembe. Siwakubalii. Katika Makumbusho ya Taifa ya Jeshi jijini London kuna mfano wa uwanja wa Waterloo uliotengenezwa na ofisa William Siborne na kuonyeshwa kwa umma mwaka 1838, wenye askari zaidi ya 70,000 wa madini. Anayeutazama haulizi habari za kifungo. Anaona mistari ya watu ikipinda na mabonde.

Basi uangalifu wangu nauweka pale jicho la mtu aliyesimama kando ya meza litakapotua: nyuso, mikanda myeupe inayokatana kifuani, na vitako wanavyosimamia. Vitako vya wote navitia mchanga uleule, udongo wa rangi ileile, majani yaleyale, maana ardhi moja ndiyo inayowafanya wawe kikosi.

Jumamosi usiku niliwapanga safu kwa safu chini ya taa. Mmoja wao mkanda wake ulinipotoka, rangi nyeupe ikamwagikia begani. Nilishika brashi nimrekebishe, nikamtafuta safu ya pili, ya tatu, ya nne. Sikumpata.