"Wima" na "Pembe Mraba": Kasoro Moja katika Tafsiri za Fizikia

Tumepata kuona katika tafsiri za masomo ya fizikia maelezo kwamba uzito wa mzigo uliowekwa juu ya bapa lililoinama hugawanyika katika vekta mbili za kani: moja sambamba na bapa, na nyingine "wima" kwa bapa hilo. Neno hili la pili ndilo tunalolipinga.

Wima, kwa waashi na kwa wasemaji wote wa Kiswahili, ni mwelekeo wa uzi wa timazi. Juu ya sakafu iliyosawazishwa kwa pimamaji, uzi huo hukutana na sakafu kwa pembe mraba. Kwa hiyo kosa halionekani. Lakini bapa likiinama, mstari wa timazi na mstari ulio pembe mraba na bapa hutengana.

Hutengana kwa kiasi gani? Tuchukue bapa lenye mwinamo wa nyuzi 30. Kutoka nukta moja juu ya bapa tuteremshe timazi hadi kwenye kitako. Hapo pana pembetatu: pembe ya chini ni nyuzi 30, ya kitako ni 90, basi ya juu, iliyo kati ya bapa na timazi, ni 60. Mstari ulio pembe mraba na bapa hufanya nyuzi 90 na bapa hilohilo. Tukitoa 60 katika 90, twapata 30. Yaani pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili ni sawa na mwinamo wenyewe.

Mzigo wa nyutoni 100, basi, hugandamiza bapa kwa kani ya nyutoni 87 hivi, na huvutwa kufuata mteremko kwa nyutoni 50. Mwanafunzi aliyeambiwa "wima" atachora kani ya kugandamiza juu ya mstari wa uzito wenyewe; pembe itakuwa sifuri, na mzigo hautakuwa na sababu ya kuteleza. Hakukosea hesabu, amemtii mfasiri. Vivyo hivyo, karani akiandika katika maagizo ya ujenzi kwamba nguzo ziwe "wima kwa mteremko", fundi hatajua kama azisimamishe kwa timazi au azilaze nyuma.

Wako watakaosema kwamba "-enye pembe mraba na bapa" ni maneno mengi. Twakubali. Hata hivyo, Simon Stevin, aliyechambua mizani ya mizigo juu ya bapa lililoinama katika kitabu chake cha mwaka 1586, aliacha Kilatini akaandika kwa Kiholanzi, na hakuona taabu kutafutia kila dhana neno lake.

Twapendekeza, basi, "wima" libaki la timazi peke yake, na wafasiri waseme "pembe mraba" kila wanapokusudia pembe mraba.