Kumtunza Mzee na Kutunza Mali Yake: Uhakiki wa King Lear na Le Père Goriot

Tamthilia ya King Lear, ambayo Shakespeare aliiandika mnamo miaka ya 1605 na 1606, imezoeleka kufundishwa kama mkasa wa utovu wa shukrani. Mfalme mzee anawagawia mabinti wake wawili ufalme mzima, nao wanamfungia milango usiku wa tufani. Msomaji wa Kiswahili hulikumbuka mara moja lile neno la wahenga kwamba asante ya punda ni mateke, na uhakiki hukomea hapo. Ufafanuzi huo si wa uongo, lakini haufiki mbali. Unaligeuza jambo zima kuwa suala la tabia mbaya ya wanawake wawili, na kuliacha lile ambalo mtunzi amelieleza kwa makini zaidi, yaani namna mali ya mzee inavyomtoka mikononi hatua kwa hatua, hadharani, kwa maneno ya adabu na kwa jina la matunzo. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo, kwanza katika tamthilia hiyo, kisha katika riwaya ya Balzac iitwayo Le Père Goriot.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inasaidia kulifafanua suala hili. Kitenzi kutunza kina maana ya kumhudumia mtu asiyejiweza; pia kina maana ya kuhifadhi kitu kisipotee. Mtoto humtunza mzazi wake, na mtoto huyohuyo hutunza fedha za mzazi wake. Penye uaminifu, maana hizo mbili hukaa pamoja bila ugomvi. Penye tamaa, maana ya pili huimeza ile ya kwanza, wala jirani hang'amui, kwa kuwa neno linalotamkwa ni lilelile.

Lear hakutoa sadaka. Katika onyesho la kwanza anafanya mapatano mbele ya baraza: mabinti watachukua nchi na mapato yake, naye atabaki na jina la ufalme na askari 100 wa msafara wake, akikaa mwezi mmoja kwa binti huyu na mwezi mmoja kwa yule. Kosa lake kubwa, mbali na lile la kumfukuza Cordelia, ni kwamba hakujiwekea dhamana yoyote. Kuanzia hapo mtunzi anaupima msiba wake kwa hesabu. Goneril anawapunguza askari hadi 50. Regan anasema 25 wanatosha. Lear, ambaye tangu mwanzo alidhani mapenzi yanaweza kupimwa kama ardhi, anataka kurudi kwa Goneril kwa kuwa 50 ni mara mbili ya 25. Ndipo mabinti wanaposhuka pamoja: kumi, watano, na mwishowe hata mmoja wa nini? Kila hatua ina sababu yake iliyotamkwa kwa utulivu, nayo ni ndogo kuliko dhuluma yote ikitazamwa kwa jumla. Mzee anapowakumbusha kuwa yeye ndiye aliyewapa vyote, Regan anajibu kwa namna ya kuonyesha kuwa alikawia kuvitoa.

Regan hasemi kwamba anamnyang'anya baba yake. Anasema baba amezeeka, na kwamba yafaa aongozwe na mtu aijuaye hali yake kuliko anavyoijua mwenyewe. Maneno hayo yangeweza kutamkwa na mwana mwema kabisa. Shakespeare amelikazia jambo hili kwa kisa cha pili, cha Gloucester na wanawe. Edmund anaghushi barua na kudai kuwa imeandikwa na ndugu yake Edgar, kisha anaongeza kuwa amewahi kumsikia Edgar akisema kwamba baba akishachakaa awe chini ya mwanawe, na mwana ndiye asimamie mapato. Gloucester anaposikia hayo anapandwa na ghadhabu na kuyaita uovu. Lakini jambo lilo hilo ndilo Goneril na Regan wanalolitekeleza bila kificho, na wakuu wa nchi hawalipi jina hilo. Tofauti ni kwamba wao wanaliita busara.

Hila hiyo haikuwa ya jukwaani tu. Mwaka 1603 huko Kent, binti mkubwa wa Brian Annesley, mzee aliyekuwa amemtumikia Malkia Elizabeth wa Kwanza, alijaribu kumfanya baba yake atangazwe kuwa mwendawazimu ili mali yake isimamiwe na wengine. Binti mdogo, aliyeitwa Cordell, alimwandikia waziri Robert Cecil kumtetea baba yake. Hadithi ya Lear ilikuwa na umri wa karne kadhaa kabla ya hapo, kwa hiyo si lazima kudai kwamba mtunzi aliinakili kesi hii. Inatosha kuona kuwa mlango ulioingiliwa ni uleule: udhaifu wa akili wa mzee.

Pana pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Peter Brook alipouongoza mchezo huu mwaka 1962, aliwaonyesha askari wa Lear wakipindua meza na kuivuruga nyumba, hata watazamaji wakamwonea Goneril huruma. Ni kweli kwamba kumtunza mzee mkaidi ni kazi nzito, na tamthilia haifichi hivyo. Hata hivyo Goneril alikwisha kulipwa nusu ya nchi kwa kazi hiyo. Malalamiko yake ni ya haki. Kuyafanya kuwa kibali cha kuyavunja mapatano huku akibaki na malipo, hiyo si haki.

Balzac, katika riwaya iliyochapishwa mwaka 1835, anaondoa kiburi cha kifalme na kubakiza mapenzi matupu. Goriot, mfanyabiashara wa tambi, aliwapa mabinti wake wawili karibu faranga 800,000 kila mmoja walipoolewa. Hapa pia hesabu ndiyo inayosimulia. Katika nyumba ya kupanga ya Bi Vauquer mzee anaanza kwa kulipa faranga 1,200 kwa mwaka, kisha anapanda ghorofa ya juu yake kwa 900, kisha ghorofa ya juu zaidi kwa 45 kwa mwezi. Kadiri anavyopanda ngazi ndivyo anavyoshuka hali. Mwishoni anauza vijiko vyake vya fedha na kuweka rehani pato lake la mwaka mzima ili kulipia gauni la dansi la binti yake. Siku ya mazishi, mabinti wanatuma magari yasiyo na watu ndani.

Kwa hiyo methali inayozifaa kazi hizi si ile ya punda, bali ni ile isemayo mkono mtupu haulambwi. Mcheshi wa Lear anayajua haya mapema. Goriot anayatambua akiwa mahututi. Methali ya kwanza humlaumu aliyepokea peke yake. Ya pili huulizia mpango wenyewe: nani alibaki na kitu mkononi, na nani alikuwa shahidi? Wazee wote wawili walitoa kwa hiari, na hiari hiyo ndiyo ngao ya waliowafilisi.

Suala hili si geni Kenya. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja haki ya wazee ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya jamaa zao na ya Serikali. Lakini sheria hungoja mlalamikaji, na mzee aliyemkabidhi mwanawe hati ya shamba, au mjukuu namba ya siri ya simu inayopokea fedha zake, mara nyingi huona aibu kumshtaki anayempikia uji. Mwalimu atakayeifundisha King Lear kama mkasa wa mabinti wabaya atawaacha wanafunzi wakidhani kuwa mambo haya hutokea katika nyumba za waovu tu. Afadhali awatake wahesabu askari, wahesabu faranga, na waulize kila mara neno matunzo linapotamkwa: anayetunzwa hapa ni mzee, au ni mali yake?