Kuchora radi ya Tororo ndani ya kompyuta

Kati ya mwaka 1967 na 1976, Tororo, mji wa Uganda ulio karibu na mpaka wa Kenya, ilihesabiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, na idadi hiyo ikaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Siku ya ngurumo huhesabiwa kwa sikio. Mtazamaji wa hali ya hewa akisikia ngurumo hata mara moja, siku inaandikwa, iwe radi ilipiga mara moja au mara mia. Wahandisi wa umeme wana kanuni ya zamani, iliyotokana na vipimo vya Afrika Kusini, ya kugeuza siku hizo kuwa idadi ya radi zinazofika ardhini: idadi ya siku inapandishwa kwa kipeo cha 1.25, kisha inazidishwa kwa 0.04. Kwa Tororo jibu ni kama radi 40 kwa kila kilomita ya mraba kila mwaka. Siiamini sana namba hiyo, kwa sababu kanuni imevutwa mbali na nchi iliyoizaa. Lakini ukiikata hata nusu, bado ni mji ambao fundi wa vifaa vya umeme hawezi kuichukulia radi kama bahati mbaya.

Tuchukue basi kifaa cha kawaida kabisa mpakani: kile kiboksi kinachokaa kati ya soketi na friji. Muuza samaki wa Busia, mji wa mpakani, anakijua. Umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi, kinakata. Ukirudi, kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu kompresa iwake. Kwa kuwa Kenya na Uganda zote zinatumia volti 240, hezi 50 na plagi ileile ya pini tatu bapa, kiboksi kimoja kinafaa pande zote mbili za mpaka. Ndani yake kuna rilei, mikrokontrola, rezista za kugawanya volti, na usambazaji mdogo wa umeme. Bodi kama hiyo mwanafunzi wa diploma anaweza kuichora kwa programu ya KiCad bila kulipia leseni.

KiCad ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo huko Grenoble, Ufaransa. Kituo cha utafiti cha CERN kilianza kuichangia mwaka 2013, na toleo la 5 la mwaka 2018 liliunganisha mchoro wa saketi na injini ya simulesheni iitwayo ngspice. Injini hiyo ni mzao wa programu ya SPICE, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Iliandikwa na Laurence Nagel, mwanafunzi wa Donald Pederson, ikatambulishwa mwaka 1973, na Pederson alitaka itolewe kwa yeyote aitakaye. Bila msimamo huo wa Pederson, sidhani kama leo tungekuwa tunajadili simulesheni mjini Busia.

Inavyofanya kazi si muujiza. Programu inaandika mlinganyo wa mikondo kwa kila kiungo cha saketi, inakisia volti, inapima kosa, inasahihisha, inarudia hadi kosa liwe dogo mno, kisha inasogeza saa mbele kidogo na kuanza upya. Urefu wa hatua hiyo ya saa inauchagua yenyewe, na hapo ndipo anayeiga radi anapoumia kwanza. Mzunguko mmoja wa umeme wa ukutani ni milisekunde 20. Wimbi la volti la majaribio la kiwango cha kimataifa IEC 61000-4-5 linafika kileleni kwa mikrosekunde 1.2 na kushuka hadi nusu kwenye mikrosekunde 50. Ukitaka kuyaona yote mawili kwenye grafu moja, ibane programu isizidi hatua ya nanosekunde 10, ukubali kusubiri hesabu ya hatua milioni mbili. Ukiiacha ijiamulie, kilele kinaweza kutoka kikiwa kimekatwakatwa, nawe ukadhani saketi yako ni imara.

Grafu ya kwanza inafundisha jambo ambalo wauzaji wengi wa viboksi hivyo hawalisemi. Rilei inahitaji milisekunde kadhaa kuachia, na kwa muda huo wimbi la radi limekuja, limeua na limeondoka. Kiboksi kinacholinda dhidi ya volti mbaya hakilindi dhidi ya radi hata kidogo, ila kikiwa na varista, kile kidonge cha bluu kinachowekwa mbele ya kila kitu, ambacho kwa kawaida hakipitishi umeme lakini volti ikizidi kinafunguka ghafla.

Varista ya volti 275, ukubwa wa milimita 14, inazuia hadi volti 710 hivi kwa mkondo wa ampea 50. Hii ndiyo inayowekwa mara nyingi, nami nina mashaka nayo kwa mji wa mpakani ambako umeme usiku wa manane unaweza kupanda. Volti ikikaa juu sana ya 275 kwa muda, varista inaweza kupata joto na kuungua bila radi yoyote. Ile ya 320 inavumilia zaidi, ila inaruhusu hadi volti 845 kwa mkondo huohuo. Ningechagua ya 320, kisha nikahakikisha kila kipande kilicho nyuma yake kinastahimili volti 1,000.

Kuichora varista yoyote kuna udhia wake. Mkondo wake unapanda kwa kasi kubwa mno kadiri volti inavyoongezeka, na injini, ikijaribu kukisia, inashindwa kutulia: inapunguza hatua ya saa, inapunguza tena, mwishowe inasimama na kulalamika kwamba hatua imekuwa ndogo mno. Dawa ni kuongeza vitu ambavyo varista halisi inavyo na mchoro umevisahau: ukinzani mdogo wa miguu yake na kapasitansi ya pikofaradi mia kadhaa. Vikiwekwa, hesabu inatulia.

Sasa chukua varista ya 275, ile inayowekwa mara nyingi, na upige kilovolti 2 kati ya waya wa moto na nyutro, chanzo kikiwa na ukinzani wa omu 2 kama kiwango kinavyotaka. Mkondo unakaribia ampea 600. Kila mita ya waya ina indaktansi ya takriban mikrohenri 1, kwa hiyo mkondo, ambao hupanda polepole kuliko volti, ukipanda kwa mikrosekunde 8, mita hiyo inaongeza volti 75. Njia ya shaba ya sentimita 10 kwenye bodi inaongeza saba na nusu tu. Hapo mchoraji anaweza kuacha kuhangaika na milimita za bodi, angalau kwa wimbi hili. Radi halisi iliyopiga karibu hupanda kwa kasi kubwa zaidi.

Tatizo kubwa liko kwenye alama ile ndogo ya ardhi. Ndani ya programu ni sifuri kamili. Nyuma ya duka ni fimbo ya chuma iliyogongwa kwenye udongo mkavu, na ukinzani wake unaweza kufika omu 50 au zaidi. Ichore kama rezista, piga kilovolti 2 kati ya moto na ardhi, safari hii chanzo kikiwa na omu 12. Varista inachukua 700, zinabaki volti 1,300 juu ya omu 62: ampea 21. Kiboksi kinaona volti 700 zake na kinapona. Lakini waya wote wa ardhi wa nyumba umepanda kwa zaidi ya volti 1,000, na televisheni ambayo antena yake ina ardhi yake kando ndiyo inayokufa. Mwenye duka atasema kiboksi hakifai, na kwa upande wake ana haki. Ufumbuzi hauko kwenye bodi, uko kwenye kuunganisha ardhi zote za nyumba mahali pamoja.

Kuna mawili ambayo programu haitayaona hata ukiichora ardhi. Kikagua-kanuni cha KiCad kinapima umbali kati ya njia za shaba, lakini hakijui kwamba Tororo ina kiwanda cha saruji, na kwamba vumbi likilowa kwa unyevu wa mvua linapitisha umeme juu ya bodi. Kati ya upande wa volti 240 na upande wa mikrokontrola ningeacha milimita 8, nikate na mwanya katikati. Tena, kila ukibonyeza kitufe cha kuanza upya, simulesheni inakupa varista mpya, ilhali ya kweli inachakaa kila inapopigwa. Iwekewe fyuzi ya joto inayoigusa, na taa ndogo ya kijani inayozimika fyuzi hiyo ikikatika, ili muuza samaki ajue friji yake inaendelea kugandisha lakini haina tena kinga.