Kadi za Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Mwalimu hodari wa Kiingereza wa darasa la kwanza utamjua kwa kadi zake. Hukata karatasi ya manila vipande vya upana mmoja, akaandika neno moja kila kipande kwa maka nyeusi, kwa herufi ndogo, nene kiasi cha kusomeka na mtoto wa dawati la mwisho. Hachori kitu. Ukibandika picha ya mpira pembeni ya "ball", mtoto atasoma mpira, neno asilitazame. Isitoshe, maneno anayohangaika nayo hayachoreki. Nani atachora "of"?

Mmarekani Edward Dolch aliyaorodhesha maneno ya aina hiyo mwaka 1936. Yalikuwa 220, yaliyojirudia mno katika vitabu vya watoto vya wakati wake, na hakuna nomino hata moja ndani yake. Nomino 95 alizitenga kwenye orodha nyingine. Yale 220 ni vijineno vya kuungia sentensi, na mtoto asiyevitambua papo hapo hujikwaa kila mstari. Kwa miaka mingi vilifundishwa kwa kukaririsha sura: tazama, tamka, rudia. Waliokariri hivyo wakaja kuchanganya "was" na "saw", "for" na "from", kwa kuwa jicho lilishika umbo la nje tu.

Kwetu kazi hii ina ugumu wake. Mtoto aliyeanzia ba, be, bi, bo, bu amezoea herufi zisizomgeuka. Mwonyeshe "said", atakusomea Saidi. Usimcheke, kwa kanuni alizopewa, amesoma barabara. Mwalimu asiye na subira humwambia asahau silabi zake. Huyu ninayemsifu huanzia hapo hapo kwenye silabi.

Humwaga vizibo vya soda mezani. Hutamka "said" taratibu, na mtoto husogeza kizibo kimoja kwa kila sauti anayoisikia: s, e, d. Vitatu. Ndipo herufi zinapoandikwa, kila moja chini ya kizibo chake. S imekaa panapostahili, d vilevile. Katikati tu ndipo sauti ya e imeandikwa "ai", na hapo hupiga mstari kwa chaki nyekundu. Kumbe neno zima si korofi. Kuna kona moja tu ya kukumbuka. Mtafiti wa Kimarekani Linnea Ehri ameeleza kwa nini njia hii hushika: neno hukaa kichwani pale herufi zake zinapofungamana na sauti zake, hata kama tahajia ina vituko. Kwa hiyo anayelitambua neno kwa kulitupia jicho mara moja ni yule aliyekwisha kulipitia ndani, herufi kwa herufi.

Kinachonivutia zaidi ni namna anavyopanga. "Was" haiji peke yake. Huja na "is", "his" na "has", ambamo s husomeka z. "Come" hufuatana na "some". "He", "she", "me" na "we" huja pamoja, maana zote zina e inayosomeka i, na mtoto akiishika moja amezishika zote. "The" haimsumbui sana anayetamka dhahabu vizuri, kwani sauti ya mwanzo anayo tayari. "Of" hupewa siku yake peke yake, kwa sababu f inayotamkwa v haina mwenzake wa kufuatana naye. Na "saw" haitaonekana wiki ya "was", hata mtaala ukisukuma vipi.

Kadi ya leo hurudi kesho, hurudi tena wiki ijayo, kila mara kwa mpangilio mwingine. Watoto ni wajanja: ukiziacha ukutani kwa mfuatano uleule, watakuimbia safu nzima huku wakitazama dirishani.

Kuna maneno asiyoyaandikia kadi kabisa, ingawa Dolch aliyaorodhesha: "and", "in", "it", "went". Hayo yanasomeka kwa sauti zake, basi wayasome. Walimu wengi wapya hujaza ukuta kabla muhula haujaanza. Wake una kadi chache, na hata hizo hupungua. Mtoto akilisoma neno ndani ya hadithi asiyowahi kuiona, bila kusita, kadi yake inashushwa, na upande wake wa nyuma unaandikiwa neno jipya.