Lugha Tisa Zinazorukwa katika "Daggerfall"

Mchezo wa kompyuta "The Elder Scrolls II: Daggerfall", uliotolewa na Bethesda mwaka 1996, humtaka mchezaji aumbe mhusika wake kabla ya safari kuanza. Mbele yake kuna stadi 35, na kati ya hizo 12 tu ndizo zitakazokuwa msingi wa mhusika huyo. Wengi hukimbilia upanga mrefu, uchawi wa maangamizi na ukwepaji wa mapigo. Stadi za lugha, zilizo tisa, kuanzia ya Maorki na ya majitu hadi ya majoka, hurukwa kama utangulizi wa kitabu.

Kuzidharau ni kosa. Mhusika ajuaye lugha ya majitu akikutana na jitu pangoni, huenda jitu hilo likatulia na kumwacha apite. Kwa mhusika dhaifu, pambano lisilopiganwa ni uhai uliobaki. (Kuzichukua zote tisa ni ulevi, moja au mbili zatosha.) Zaidi ya hayo, upanga huliona jitu kama mwili tu, ilhali lugha hukiri kwamba lina akili. Mchezo huu huu umetenga stadi mbili nyingine za usemi, adabu za wakubwa na maneno ya mtaani. Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili, anayejua kwamba shikamoo haipewi kila mtu, hahitaji kuelezwa sababu.

Hata hivyo, watungaji wenyewe ndio walioisaliti hoja yao. Jitu lililotulizwa pangoni halina la kusema. Halitoi salamu, haliulizi habari, halilalamiki kwamba limevamiwa nyumbani kwake. Lugha imegeuzwa ngao, na mjuzi wa lugha tisa hupita bubu kati ya viumbe bubu. Huenda wachezaji wanaoziruka hawana pupa tu. Wamehisi kwamba wanauziwa sarufi isiyo na mazungumzo.

Dawa ilikuwa kuwapa viumbe hao maneno. Badala yake, "Morrowind" ya mwaka 2002 ilipunguza stadi hadi 27 na kuzifuta lugha zote tisa. Katika mchezo huohuo Maorki walifanywa watu wa mjini, na kwa mara ya kwanza mchezaji aliweza kuwa mmoja wao. Wanazungumza vizuri, kwa lugha ileile ya kila mtu.