Breki Inayorejesha Nini?

Afasiriye miongozo ya magari ya umeme hana budi kukutana na breki inayogeuza mwendo wa gari kuwa umeme. Njia nyepesi ni kuandika "breki rejeshi". Neno hili ni fupi, na kisarufi halina kosa. Lakini halisemi kinachorejeshwa ni nini, wala kinarejea wapi.

Tuchukue barabara iteremkayo kutoka Kayanga, wilayani Karagwe, kwenda Kyaka. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 100 hutoa nishati ya kilowati-saa 0.4 hivi, mota hugeuka jenereta na kuipeleka sehemu ya nishati hiyo betrini. Lakini betri iliyojazwa kabisa kabla ya safari haina nafasi ya kupokea umeme, na kwa hiyo breki hiyo hulegea. Dereva aliyefundishwa "breki rejeshi" humwita fundi akague pedi na mafuta ya breki, ilhali hapana hitilafu. Aliyefundishwa "breki ya kuchaji" huuliza kwanza betri imejaa kiasi gani. Kuchaji ni neno la mkopo, naam, lakini mwenye simu kijijini Kyerwa analijua.

"Ufanisi" nalo lina utata, kwani wengi hulisoma kwa maana ya mafanikio. Katika mwongozo wa kutafuta hitilafu, afadhali kuandika kwamba gari linakula umeme mwingi, kisha kutaja kilowati-saa kwa kilomita 100, ili fundi aanze na upepo wa matairi.