Mzalia wa Mirihi

Mama yangu alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa ya hiyo katika zahanati ya kijijini huku Kilifi. Kwa hiyo nilipomwambia nasoma kitabu kuhusu watu kuhamia sayari ya Mirihi, wakae huko moja kwa moja, hakuniuliza habari za roketi. Aliuliza: "Mzazi akimwaga damu, rufaa inapelekwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kitabuni kulitafuta, na tangu hapo nimekisoma kwa jicho lingine kabisa.

Kitabu chenyewe ni A City on Mars, cha Kelly na Zach Weinersmith. Kilitoka mwaka 2023, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Hugo pamoja na tuzo ya vitabu vya sayansi ya Royal Society ya Uingereza. Kelly ni mwanabiolojia, Zach ni mchora katuni, na ni mke na mume. Walianza utafiti wao wakiwa mashabiki. Walitaka kutueleza mji wa kwanza nje ya dunia utakuwaje. Kadiri walivyosoma ndivyo walivyopoa, na mwishowe wakaandika kitabu cha kuwaambia mashabiki wenzao wangoje kwanza. Hilo ndilo lililonifanya niwasikilize. Mtu aliyekuja harusini kushangilia, kisha akamvuta bwana harusi pembeni kumnong'oneza jambo, huyo huwa ana neno.

Sitakaa sana kwenye sura za mwanzo, zile za mwili na mazingira. Ni nzuri, ila mengi yake yameshazungumzwa mitandaoni: mifupa ya mwanaanga hupungua uzito kwa takriban asilimia moja kila mwezi, macho hubadilika, mionzi ni tele, udongo wa Mirihi una chumvi za perkloreti ambazo ni sumu, na hewa yake ni nyembamba, chini ya asilimia moja ya uzito wa hewa yetu. Kilichonishtua mimi ni udogo wa tunachokijua. Rekodi ya kukaa angani kwa safari moja ni ya Valeri Polyakov, daktari Mrusi, siku 437 katika kituo cha Mir, na huyo alikuwa akielea tu. Kwenye mwezi, penye mvutano kidogo, hakuna aliyewahi kukaa zaidi ya siku tatu na saa chache. Hao walikuwa watu wa Apollo 17, mwaka 1972. Mirihi ina mvutano kama asilimia 38 ya huu wetu. Mwili wa binadamu ukikaa humo miaka kumi unakuwaje? Hakuna aliyewahi kukaa humo hata dakika moja.

Na hao wote waliokwenda ni watu wazima, wamechaguliwa kwa afya, wamefunzwa kwa miaka, na walirudi.

Sasa tuje kwenye uzazi. Hapa ndipo kitabu kinapong'ara, japo waandishi wameipamba sura hiyo kwa mizaha mingi kuliko ninavyopenda. (Nusu ya vichekesho vya kitabu hiki ningevifuta. Katuni ningeziacha zote.) Hoja yao ni nyepesi kuielewa: usiseme "mji" kama hakuna watoto. Kituo cha utafiti kinaweza kuishi kwa kupokezana watu, kama zinavyofanya kambi za Antaktika. Mji hauwezi. Lakini hakuna mnyama hata mmoja wa kunyonyesha aliyepitia mzunguko mzima huko juu, yaani kutunga mimba, kuzaa, kulea, na yule mtoto naye kuzaa. Mwaka 1979 Wasovieti walirusha panya majike na madume katika chombo cha Cosmos 1129 ili wajaribu kuzaliana. Hakuna kilichozaliwa. Tangu hapo kumekuwa na majaribio ya vipande vipande, ya panya waliokwenda na mimba zao wakarudi kuzalia hapa. Elon Musk anazungumzia watu milioni moja Mirihi. Hesabu ya watoto wa panya haijatimia.

Nilimsomea Mama kurasa hizo. Hakucheka palipoandikwa ili acheke. Alinisimulia usiku mmoja zahanatini, mzazi alipoanza kutokwa na damu na gari la wagonjwa likawa limeitwa kutoka hospitali ambayo hakuitaja jina, na hata mimi ningeijua nisingeitaja. Lilichukua saa mbili na nusu. Alikaa muda wote huo akilikanda tumbo la yule mwanamke kwa mkono, akibadilisha mkono ukichoka, akimwongelesha asilale. Yule mwanamke alipona. "Saa mbili na nusu," Mama akasema, "nilikuwa nazihesabu kwa pumzi zake."

Nafasi nzuri ya kurusha chombo kwenda Mirihi hupatikana mara moja kila miezi 26, na safari yenyewe ni miezi sita hadi tisa. Hata ukitaka ushauri wa daktari kwa redio, sauti yako itasafiri kati ya dakika tatu na dakika ishirini na kitu kabla haijamfikia, na jibu lake nalo litatumia muda uleule kurudi. Hapo swali la rufaa linajibika. Hakuna rufaa. Chochote ambacho hukubeba, pamoja na chupa ya damu ya kundi lake, hakipo.

Niliposoma mara ya pili nilianza kusumbuliwa na maneno. Kiingereza kina tendo moja tulivu, settle, na kitabu kinalitumia tangu jina lake dogo la pili hadi mwisho. Jaribu kulitafsiri uone. Ukisema "kuhamia" umepunguza. Ukisema "kulowea" umelipata sawasawa, lakini hapo hapo anaingia mlowezi, na mlowezi kwa msomaji wa Kenya hana haja ya kuelezwa. Nyanda za juu zinamjua. Waandishi wanajua kwamba historia ya ukoloni inanuka kwenye mazungumzo haya, na wanawacheka vizuri wale wanaodhani anga ni Amerika ya Magharibi isiyo na wenyewe. Bado wanafikiri zaidi kuhusu mlowezi: mwili wake, akili yake, mwajiri wake, sheria zake.

Sisi tuna neno la pili, mzalia. Mlowezi ni aliyekuja akakaa, mzalia ni aliyezaliwa papo hapo. Katika pwani hii ya karne ya 19 neno hilo lilikuwa na uchungu wake, maana waliitwa wazalia wale watoto wa watumwa waliozaliwa huku, wenye lugha ya huku na dini ya huku, wasio na kwao kwingine pa kurudi, na bado hawakuhesabiwa kuwa wenyewe. Sisemi mtoto wa Mirihi atakuwa mtumwa. Nasema kuna mtu wa tatu katika habari hii, ambaye si msafiri wala mlowezi, na kitabu kinamwona vizuri akiwa tumboni kisha kinampoteza akishazaliwa.

Chukua sura za sheria. Wasomaji wengi wamezilalamikia kwamba ni ndefu. Mimi nazitetea, kwa sababu ndizo sehemu ya kitabu ambayo huwezi kuipata kwenye video ya dakika kumi. Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 unakataza nchi yoyote kudai umiliki wa mwezi au sayari, na unaifanya nchi iwajibike hata kwa yale yanayofanywa na makampuni yake. Makubaliano ya Mwezi ya mwaka 1979 yalitaka kwenda mbali zaidi, lakini nchi zenye roketi hazikuyaridhia. Mwaka 2015 Marekani ikapitisha sheria kwamba raia wake wanaweza kumiliki madini watakayochimba huko. Waandishi wanahofia hali hiyo ya nusu sheria, kwamba mbio za kuwahi maeneo mazuri machache zinaweza kuleta ugomvi huku chini, baina ya nchi zenye mabomu ya nyuklia. Ni hofu ya haki. Ningeongeza, kwa msomaji wa hapa, kwamba sisi pia tumewahi kusimama kwenye foleni hiyo. Mwaka 1976 Kenya, Uganda na Zaire zilikuwa miongoni mwa nchi za ikweta zilizotia saini Azimio la Bogota, zikidai kuwa ile njia ya satelaiti iliyo kama kilomita 36,000 juu ya vichwa vyetu ni rasilimali yetu. Dai hilo halikukubaliwa. Ukitaka kujua sheria ya anga inamsikiliza nani, anzia hapo.

Ila katika kurasa zote hizo za nani atamiliki nini, sikuona swali la mzalia likipewa uzito wake. Ikiwa ardhi anayozaliwa si ya nchi yoyote, na nyumba, maji na oksijeni ni vya kampuni, yeye ni nani? Waandishi wanakumbusha miji ya makampuni ya migodi, ambako bosi ndiye pia mwenye nyumba na mwenye duka, na wanasema hali itakuwa ngumu zaidi ambako ndiye pia mwenye hewa. Sawa. Mchimba migodi aliweka saini, mtoto wake hakuweka.

Na je, anaweza kuondoka? Kama mifupa na moyo wake vimejengwa kwa mvutano wa asilimia 38, huenda dunia hii ikamlemea kama gunia lisilotulika. Tunaposema "watarudi nyumbani mambo yakiharibika," tunawazungumzia wazazi wake.

Hili nililipata kwa ukamilifu kwingine, katika riwaya ya Kim Stanley Robinson iitwayo Aurora, ya mwaka 2015. Naitaja kwa sababu inastahili kusomwa sambamba na kitabu hiki. Humo watu kama elfu mbili wamo ndani ya chombo kiendacho kwenye nyota ya Tau Ceti, na wanaofika si wale waliopanda. Devi, fundi anayekijua chombo hicho kuliko wote, ametumia maisha yake akiziba ufa huku ufa mwingine ukifunguka, na ana hasira na mababu waliofanya uamuzi kisha wakafa. Hasira hiyo ndiyo riwaya nzima. Wakishindwa huko, baadhi yao wanageuza chombo kurudi duniani, na neno "kurudi" linakuwa la ajabu, kwa kuwa hakuna kati yao aliyewahi kuiona dunia. Msimulizi ni kompyuta ya chombo. Mwanzoni inachosha, haijui ianzie wapi na iache nini, lakini vumilia. Riwaya hiyo inamwacha mzalia aseme mwenyewe, jambo ambalo kitabu cha akina Weinersmith, pamoja na utafiti wake wote, hakikulifanya.

Kwa hiyo kisome? Ndiyo, na ukikinunua anza na uzazi, kisha sheria, kisha habari za Biosphere 2, lile jengo la vioo kule Arizona walimofungiwa watu wanane kuanzia 1991 hadi 1993. Hewa ya oksijeni ilishuka kutoka kama asilimia 21 hadi karibu 14, ikabidi waongezewe kutoka nje, na wanane hao waligawanyika kambi mbili. Nje ya kioo palikuwa na barabara na hospitali. Ushauri wa mwisho wa waandishi ni kungoja, kufanya utafiti kwa vizazi, halafu kwenda kwa wingi pale tutakapokuwa tayari. Nakubaliana nao kuhusu kungoja. Kuhusu nani atasema tuko tayari, hawakunishawishi.

Nakala yangu iko kwa Mama. Ameisoma na miwani yake, na pembeni mwa sura ya uzazi ameandika kwa kalamu ya wino maswali kumi na moja. La kwanza ni damu. La nane linauliza zalio litazikwa wapi. Nilimweleza kwa simu kwamba katika makazi yaliyofungwa hivyo hakuna kitu kinachotupwa wala kuzikwa, kila chenye uhai husagwa kikawa mbolea ya mboga. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nitakuja Jumapili, niwe na chenji, maana mwenye bodaboda wa huko kwake hana chenji kamwe.